Mwenye Kapu na Mwenye Upawa

Katika ule uchunguzi wa idadi ya watu na afya unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa Tanzania, Kenya na katika nchi nyingine nyingi, wanawake walioolewa huulizwa ni nani mwenye kauli nyumbani juu ya matibabu yao wenyewe, juu ya ununuzi wa vitu vikubwa, na juu ya safari za kuwazuru jamaa zao. Na mwanzoni mwa karne hii lilikuwamo swali jingine ambalo matoleo yaliyofuata yaliliacha, nalo lilikuwa kwamba ni nani aamuaye chakula kitakachopikwa kila siku. Kwa rai yangu swali lile liliachwa kwa haki, si kwa kuwa chakula ni jambo dogo, maana hakuna shauri linalorejea nyumbani mara nyingi kuliko hilo, bali kwa kuwa jibu lake lilikuwa jepesi mno kupatikana na zito mno kufasiriwa. Mke wa mfanyabiashara wa Mazizini, Unguja, ambaye friji yake ina nguru, kuku na nyama ya mbuzi, na ambaye asubuhi hufikiri tu ni kipi kati ya hivyo kilichokaa siku nyingi, atajibu kwamba mwamuzi ni yeye. Mke wa mchukuzi wa Kwahani, aliyeachiwa shilingi elfu tano na watoto wanne, naye atajibu kwamba mwamuzi ni yeye. Tena huenda akajibu upesi zaidi, kwa kuwa hakuna mwingine nyumbani aliye tayari kuubeba uamuzi huo. Karani huwatilia wote wawili alama moja, na wote wawili huingia katika hesabu ya wanawake wenye mamlaka.

Hoja yangu ni kwamba mamlaka ya chakula katika nyumba za pwani yamegawanyika baina ya mwenye kapu, anayeamua kiingie nini, na mwenye upawa, anayeamua nani apate nini. Kwamba kadiri nyumba inavyokuwa na wasaa ndivyo kapu linavyozidi kuwa na neno na upawa unavyopungukiwa, na kadiri dhiki inavyoingia ndivyo mambo yanavyopinduka. Na kwamba sharia, dola na wanazuoni wa uchumi, kila mmoja kwa njia yake, wamelipima kapu kwa uangalifu wakauacha upawa bila ya kuupima.

Nianze na sharia, kwa kuwa ndiyo iliyolitazama jambo hili mapema, na kwa makini kuliko tunavyodhani. Waislamu wa pwani, tangu Lamu hata Kilwa, aghalabu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, kimekuwa mikononi mwa masheikh na makadhi wetu kwa vizazi vingi. Katika mlango wa masurufu ya mke, Imam huyo hakuridhika na kusema kwamba mume na amlishe mkewe kwa wema kisha akapita. Alitaja vipimo. Mume tajiri atatoa mudi mbili za nafaka kila siku, nazo kwa kipimo chetu ni vibaba viwili. Mwenye dhiki atatoa kibaba kimoja. Na aliye kati na kati atatoa kimoja na nusu. Nafaka yenyewe iwe ile iliwayo na watu wa mji, gharama ya kuisaga na kuioka iwe juu ya mume, kitoweo kifuate desturi ya mji na majira ya mwaka, nyama ifuate uwezo wa mwanamume, na wakishindwa kuelewana kadhi ndiye akadirie. Zaidi ya hayo, mwanamke aliyezoea kutumikiwa kwao ana haki ya kuwekewa mtumishi na mumewe, hata kama mume huyo si tajiri.

Msomaji na atazame jinsi tabaka lilivyoingia hapa kwa milango miwili: kiasi cha chakula kimefungwa kwenye mfuko wa mume, na utumishi umefungwa kwenye malezi ya mke. Kwa hukumu hiyo binti wa muungwana hakulazimika kushika mwiko, na mafakihi wa madhehebu haya kwa jumla hawakuuhesabu upishi kuwa ni wajibu ambao mke aweza kushitakiwa kwao, jambo ambalo waume wengi wa leo, walio wepesi wa kuinukuu dini pindi wali unapochelewa, hawapendi kukumbushwa.

Lakini katika mlango huohuo limo sharti moja dogo, nalo ndilo linalonishughulisha. Mke akila pamoja na mumewe kama ilivyo desturi ya watu, dai lake la vibaba huanguka, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi. Maana haielekei mtu ale chunguni kisha aje adai kipimo. Hukumu hii ni ya busara, na bila ya hiyo kila nyumba ingegeuka kuwa baraza la kadhi. Walakini hebu tuzingatie ilichokifanya: kipimo kilichotengenezwa kwa uangalifu kama ule hufika mpaka kwenye mfuniko wa chungu, na hapo husimama. Yanayotokea mfuniko ukishafunuliwa, nani kapewa mnofu na nani kapewa mchuzi, hayana kibaba wala kadhi.

Wanazuoni wa uchumi wa karne iliyopita walifika mahali palepale kwa njia nyingine. Gary Becker wa Chicago, katika kitabu chake juu ya familia kilichotoka mwaka 1981, aliichukua nyumba kana kwamba ina nia moja, ikiongozwa na mkuu anayewatakia mema wote walio chini yake. Mwaka huohuo Amartya Sen alitoa kitabu chake juu ya umaskini na njaa, akaonyesha kwamba watu huweza kufa kwa njaa na hali chakula kipo nchini, kwa kuwa hawana njia ya haki ya kukipata. Kisha, baada ya miaka, akaivusha hoja hiyo kizingiti cha nyumba, akasema kwamba mume na mke hushirikiana na hushindana kwa wakati mmoja, na kwamba yule ambaye mchango wake hauonekani hupewa fungu dogo, na mara nyingi hujipa fungu hilo mwenyewe bila ya kuambiwa. Mimi naona Sen alikuwa karibu zaidi na jiko kuliko mwenzake.

Sasa kapu. Katika wilaya nyingi za bara, soko la chakula ni mahali pa wanawake, na mwanamume aonekanaye akichagua nyanya huulizwa kama mkewe ni mgonjwa. Unguja na katika miji ya kale ya pwani desturi ilikuwa kinyume, na kwa nyumba nyingi ingali hivyo: mume ndiye aendaye sokoni. Ukisimama asubuhi katika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, utamwona mzee wa kanzu na kofia mbele ya meza ya samaki, akimfunua changu shavu ili atazame wekundu wake, akimbonyeza ubavuni kwa kidole gumba, akiuliza bei, akiguna kana kwamba ametukaniwa jamaa zake, akiondoka hatua tatu, na muuzaji akimwita, "Sheikh, rudi basi, tusikosane kwa samaki," naye akirudi kwa uso wa mtu anayefanya hisani. Kapuni tayari mna nazi mbili, bamia, ndimu na bilingani. Akifika nyumbani ataliweka kapu uani na kwenda zake, na tangu hapo mkewe ndiye atakayeamua kama changu yule ni wa kupaka au wa mchuzi, lakini kwamba leo ni samaki wala si nyama, na kwamba ni changu wala si nguru, hayo yalikwisha kuamuliwa Darajani baina ya wanaume wawili.

Desturi hii watu huieleza kwa dini, nami sikatai kwamba utawa una sehemu yake. Lakini asili yake ni ya tabaka pia, na pengine ni ya tabaka zaidi. Katika Unguja ya masultani, mke wa muungwana ndiye aliyekaa ndani, ilhali mjakazi alikwenda kisimani, sokoni na shambani bila ya mtu kuona ajabu. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisharia Unguja mwaka 1897, na masuria nao wakaingizwa katika hukumu hiyo mwaka 1909, nyumba nyingi zilizokuwa na hadhi lakini zisizokuwa na mali ya kuajiri zilijikuta hazina mkono wa kutuma. Mwanamume akachukua kapu ili mkewe asionekane barabarani, na mke akashika mwiko ambao mama yake hakuushika. Wakati huohuo wanawake wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, ambao miongoni mwao walikuwamo wengi waliotoka utumwani, walianza kuvaa buibui kwa sababu ileile iliyowafanya wengine waache kwenda sokoni: kujinasibisha na uungwana. Basi kapu mkononi mwa mume lilitangaza stara ya nyumba hata kabla halijatiwa kitu.

Stara hiyo ina gharama, nayo hulipwa na mke kwa njia ambayo haionekani upesi. Aendaye sokoni ndiye arudiye na chenji. Katika nyumba ambayo mume huacha pesa ya matumizi asubuhi, mke mwenye akili hubana shilingi mia tano hapa na elfu moja pale, huzipeleka kwenye mchezo anaocheza na wenzake wa mtaani, na zamu yake ikifika hununua kitanda, cherehani au kanga za harusi ya mdogo wake bila ya kumwomba mtu. Katika nyumba ambayo mume huleta kapu lililojaa, mke huyohuyo anaweza kula vizuri zaidi, lakini hana senti ya kubana. Nimewasikia mabibi wa mji wakisema kwamba mume mkarimu wa kapu huwa bahili wa pesa, wala hawasemi hivyo kwa mzaha. Siku hizi simu imeugeuza mpaka huo kidogo: mume husimama mbele ya meza ya samaki na simu sikioni, akipokea amri kutoka uani juu ya ukubwa wa samaki na idadi ya nazi, na muuzaji husubiri kwa adabu, maana anajua mteja wake wa kweli ni nani.

Katika dhiki, kapu hupoteza uzito wake kwa sababu nyepesi kabisa: hakuna cha kuchagua. Ernst Engel, mwanatakwimu wa Saksonia, alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pato lake inavyokwenda kwenye chakula, na kanuni yake imethibitishwa tangu hapo karibu kila mahali ilipojaribiwa. Ila kanuni haisemi jinsi pesa hiyo inavyokwenda. Mwenye nacho hununua gunia la mchele na ndoo ya mafuta mara moja kwa mwezi. Asiye nacho hutuma mtoto dukani mara tatu kwa siku moja, akapimiwe mafuta ya kukaangia kitunguu, sukari robo, majani ya chai ya kufunga kwenye karatasi, na makaa kwa kopo. Na kila kipimo kinavyokuwa kidogo ndivyo bei ya kilo inavyopanda, hata maskini akawa anakula mchele wa mapembe kwa faida kubwa ya mwenye duka. Pesa zikikosekana kabisa, hufunguliwa daftari. Jina lililoandikwa juu ya ukurasa huwa ni la mume, lakini ajuaye deni limefika wapi, na ni siku gani usipite mbele ya duka lile, ni mke.

Hapo ndipo upawa unapokuwa serikali. Tuseme wamepatikana changu wadogo wawili kwa watu saba. Bibi huwakata vipande sita, na vichwa hubaki vichwa. Tui la kwanza ameliweka kando ili mchuzi uonekane mzito, na ndimu imetiwa kwa wingi, kwa sababu ukali humfanya mlaji ajaze kinywa kwa wali. Kipande cha katikati, chenye mnofu pande zote mbili, huwekwa kwenye sahani ya mume na kufunikwa kwa kawa, hata kama mume mwenyewe hatarudi mpaka usiku. Kingine kinachokifuata kwa wema ni cha mama mkwe, kwa sababu mama mkwe ana ulimi. Mtoto wa kiume aliye kwenye mitihani hupata chake. Wadogo wawili hushiriki kimoja, na ugomvi wao huamuliwa kwa kuwaongezea mchuzi. Binti mkubwa, ambaye ndiye aliyekuna nazi, hupata mkia. Kipande cha sita kimewekwa kwa ajili ya mgeni, ikitokea akaja, na mgeni asipokuja kitakuwa daku au kiamshakinywa cha mwanamume. Bibi mwenyewe atakwaruza ukoko, atautia mchuzi uliobaki chini ya sufuria, na akiulizwa atasema moshi wa jikoni umekwisha kumshibisha.

Hakuna aliyemwamuru kufanya hivi, na hapo ndipo penye fumbo. Ukimwuliza nani kaamua, atasema kwa ukweli mtupu kwamba kaamua yeye. Wala si sawa kumfanya kuwa mjinga aliyelewa mila, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa ripoti, maana kila kipande katika vile sita kimewekwa mahali pake kwa hesabu. Mnofu uliofunikwa kwa kawa ni dhamana ya pesa ya kesho. Kipande cha mama mkwe ni amani ya wiki. Cha mgeni ni jina la nyumba mtaani. Cha mwanafunzi ni akiba ya uzeeni. Kila mtu aliyepewa kapewa kwa sababu ana kitu cha kutoa au cha kuzuia, na wawili waliopata kidogo kabisa, yaani bibi na binti yake, ndio wasioweza kumtisha mtu yeyote. Bei ya uamuzi huo hutokea mahali pengine na wakati mwingine. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Na ijapokuwa malaria, minyoo na uzazi wa mfululizo vina sehemu kubwa katika jambo hilo, ukoko na mchuzi navyo haviwezi kuachwa nje ya hesabu.

Katika nyumba ya wasaa upawa hauna siasa hiyo, kwa kuwa hakuna anayeumizwa na mgawo. Ikiwa samaki ni wengi, anayetaka mkia hula mkia kwa kuupenda, na firigisi ya kuku, ambayo kwa desturi za kwetu ni ya baba, hutolewa na baba mwenyewe akampa mjukuu, watu wakacheka. Heshima hubaki ikionyeshwa kwa utaratibu wa kunawa na kwa nani aanze kupeleka mkono kwenye sinia. Kwa hiyo wale wasemao kwamba usawa wa mume na mke huja pamoja na elimu na mali hawajakosa, lakini wameangalia juu juu; mara nyingi kilichobadilika si cheo cha mke, ni wingi wa vipande.

Dola nayo imewahi kuja na vipimo vyake. Wakati wa vita vikuu vya pili, Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukiletwa pwani yetu kutoka huko ulikatika, na chakula katika Unguja na Dar es Salaam kikagawiwa kwa vibali na kwa kabila: kwa serikali ya wakati ule, Mhindi na Mwarabu walihesabiwa kuwa ni walaji wa mchele, na Mwafrika akaelekezwa kwenye mahindi na nafaka nyingine, kana kwamba bibi wa Kiswahili wa Ng'ambo hakupata kupika wali maishani mwake. Haishangazi kwamba watu walilibishania jina la kabila lao kwenye karatasi kwa ukali ambao hapo kabla hawakuwa nao. Zama za foleni zilizokuja baadaye, Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mzee Karume, aliyeuawa Aprili 1972, na bara katika ile miaka ya unga wa mahindi ya njano, ulioitwa yanga, ziliondoa kabila zikaleta cheo: mwenye jamaa katika duka la serikali alipokea kwa mlango wa nyuma, na asiye na jamaa alitoa saa za mwanamke, kwa kuwa saa za mwanamke hazikuwa na bei. Mara zote mbili kipimo kiliandikwa kwa jina la mkuu wa nyumba, na mara zote mbili kiliishia kwenye mfuniko uleule.

Je, mwanamke akiwa na pesa zake mwenyewe? Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, kilimo cha mwani cha kuuza ng'ambo kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na walioingia majini kwa wingi walikuwa wanawake, ambao hapo kabla walikuwa wakisuka makumbi na kuchokoa pweza kwenye miamba wakati wa bamvua. Kwa mara ya kwanza fedha taslimu zilifika mikononi mwao kabla ya kufika mikononi mwa waume zao, nazo zilionekana upesi, kwenye sare za watoto, sufuria mpya, mabati, na kitoweo. Kisharia mali ile ni ya mke peke yake, na wajibu wa mume wa kulisha haupungui hata kwa kibaba. Akinunua samaki kwa pesa ya mwani, huo ni wema wake. Lakini wema ukirudiwa mara tatu huitwa desturi, na desturi ikikaa mwaka mmoja huitwa wajibu. Mume aliyezoea kuona samaki chunguni bila ya kumnunua huanza kuamini kwamba samaki huja wenyewe, na pesa yake hupata kazi nyingine, kwenye baraza, kwenye pikipiki, au kwa mke wa pili. Pamoja na hayo bei ya mwani haikuwa kubwa wakati wowote, na joto la bahari limeiharibu aina iliyokuwa na bei nzuri katika maji ya kina kifupi. Na pweza, aliyekuwa kitoweo cha mwanamke asiye na chombo, amekuwa bidhaa ya mahoteli, na wanaume wenye miwani ya kuzamia wameingia kwenye miamba ileile. Sisemi kwamba pesa ya mwanamke haifai kitu. Nasema kwamba inapoingia chunguni bila ya kutajwa, huhesabiwa kuwa ni ya nyumba, na ya nyumba huhesabiwa kuwa ni ya mwenye nyumba.

Kumbe basi twawatazama mume na mke tu, na hali katika nyumba za wenye nafasi, Dar es Salaam, Mombasa na hata Unguja, anayepika si mume wala mke. Ni msichana wa kazi, mara nyingi kutoka kijiji cha mbali, mwenye umri ambao ungepaswa kumweka shuleni. Juu yake upawa hurudi kuwa mkali kama katika nyumba ya dhiki, ijapokuwa friji imejaa. Mama mwenye nyumba, ambaye ofisini huhutubia juu ya haki za wanawake, hufunga kabati la maziwa kwa ufunguo. Watoto hunywa chai ya maziwa, msichana hunywa chai ya rangi. Familia hula mezani, yeye hula jikoni akiwa amesimama, na nyama aliyoikaanga mwenyewe huhesabiwa vipande kabla na baada. Katika nyumba hiyo uamuzi wa chakula umo mikononi mwa mwanamke bila ya shaka yoyote, na uonevu wa chakula umo mikononi mwake vilevile. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya watumishi wa nyumbani mwaka 2011, unaogusa mishahara, mapumziko na makazi; lakini Imam Nawawi, zaidi ya miaka mia saba kabla ya hapo, alikwisha kumwekea mtumishi wa mke kipimo chake cha kula: kibaba kimoja katika nyumba ya mwenye dhiki au ya kati, na kimoja na thuluthi katika nyumba ya tajiri. Kipimo hicho ni kidogo kuliko cha bibi wake, na hakuna haja ya kukipamba. Ila kilikuwa ni haki yake ya kudai, wala hakikungoja moyo wa mtu ulainike.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiitazama kwa hamu kubwa pensheni ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuitoa Aprili 2016 kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ilipoanza, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa au kama anaye mtoto tajiri. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF umefanya jambo linalofanana na hilo kwa kuzipitisha fedha, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa akina mama. Lakini fedha zile ni za kaya, na mwanamke huzipokea kwa niaba ya chungu. Pensheni huandikwa kwa jina la mtu mmoja. Bibi kizee wa Makunduchi, ambaye hakuwa na mshahara maisha yake yote, na ambaye katika mgawo wa vipande sita alikuwa akipata kipande kizuri kwa ajili ya ulimi wake tu, sasa hukipata kwa kuwa ndiye aliyemnunua samaki. Na akitaka maziwa hutuma mjukuu akanunue, akanywa nusu, na nusu nyingine akampa mjukuu aliyemteua yeye, ambaye mara nyingi ni msichana. Mkwe wake hapendi uteuzi huo, na mwanawe wa kiume amekwisha kuuliza kama pensheni ile haiwezi kulipia deni la dukani, naye bibi amemjibu kwamba deni lile limeandikwa kwa jina lake yeye mwana, si lake yeye mama.